Simu Inapojaa: Maneno Yaliyosemwa na Mamlaka kwa Watumiaji wa Simu Janja, Matwebe, Wilaya ya Rungwe



Tulipoomba nafasi ya kuzungumza nanyi tulidhani mtatuuliza kuhusu bando na makato. Lakini katika maswali mliyotuandikia kabla ya leo, zaidi yanahusu jambo jingine: simu inayoganda, simu inayokataa kupiga picha, simu inayosema kila asubuhi kwamba nafasi imejaa. Tumeona ni busara tuyajibu hayo, kwa sababu madhara yake si usumbufu tu. Simu ya Android ikijaa kabisa huweza kushindwa kupokea hata meseji ya kawaida. Mkulima aliyepeleka parachichi zake kwa mnunuzi anasubiri ujumbe wa muamala, ujumbe hauingii, naye anarudi kumlaumu mnunuzi, au wakala, au mtandao. Fedha zimeingia, simu ndiyo iliyokosa mahali pa kuuweka ujumbe. Basi asiyeona meseji ya malipo aanze kwa kuuliza salio kwa namba ya menyu ya mtandao wake, kwani fedha hukaa katika akaunti yake kwa mtoa huduma na wala hazimo ndani ya simu.

Tuanze na kutofautisha vitu viwili vinavyochanganywa na wauzaji wengi. Simu ina hifadhi, ambayo ni ghala: humo hukaa picha, nyimbo, programu na meseji, na vitu hivyo hubaki hata simu ikizimwa. Simu pia ina RAM, ambayo tunaweza kuifananisha na meza ya kazi: ni mahali ambapo simu huweka kile inachokishughulikia kwa sasa, na ikizimwa, meza hufutwa. Ukiambiwa simu ina GB 32 na GB 2, namba kubwa ni ghala na ndogo ni meza. Tena ghala hilo huliponi lote. Mfumo wa Android wenyewe na programu alizoziweka mtengenezaji huchukua sehemu yake kabla hujapiga picha hata moja, na ndiyo maana mwenye simu ya GB 16 hujiona amejaa mapema, akadhani ameibiwa. Hakuibiwa, ila hakuelezwa dukani.

Simu ikiwa nzito au imeganda, dawa ya kwanza ni kuizima na kuiwasha upya. Wapo wanaoicheka dawa hii kwa sababu ni rahisi mno, lakini meza ikifutwa mambo mengi hunyooka. Ikiwa skrini haisikii kidole kabisa, bonyeza kitufe cha kuwashia bila kukiachia kwa sekunde kama 10 hadi 30. Katika simu nyingine hubonyezwa pamoja na kitufe cha kupunguza sauti. Hutapoteza picha wala namba kwa kufanya hivyo.

Ikirudia tena na tena, nenda kwenye ghala. Fungua Mipangilio, ile alama ya gurudumu lenye meno, utafute sehemu ya Hifadhi. Simu itakuonyesha kila kundi la vitu limekula kiasi gani. Kwa wale ambao simu zao zimeandikwa Kiingereza na hawakipendi, humo humo katika Mipangilio ipo sehemu ya lugha, na Kiswahili kimo. Tunashangaa kwamba watu wengi hukaa na simu miaka mitatu bila kuambiwa hilo na yeyote.

Mara nyingi mla ghala mkuu ni WhatsApp. Kila kikundi cha ukoo, cha kwaya, cha vikoba na cha wazazi wa shule huleta kadi za salamu za asubuhi, video za vichekesho na hotuba ndefu za sauti, na simu huzipakua zenyewe hata kama hukuzifungua. Ingia katika mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data. Kwanza zuia upakuaji wa picha na video usiofanywa na wewe mwenyewe. Utaokoa ghala na bando kwa pamoja. Kisha fungua sehemu ya kusimamia hifadhi: humo utaona faili zilizozidi MB 5 na zile zilizosambazwa mara nyingi zikiwa zimekusanywa mahali pamoja, nawe utachagua za kufuta bila kugusa mazungumzo yenyewe. Picha ya msiba wa baba na picha ya bakuli la maua yenye maneno ya heri hazina uzito mmoja, kwa hiyo usifute kwa fungu bila kutazama.

Ukishafuta picha, zinakwenda kwenye Tupio, na katika simu nyingi hukaa huko hadi siku 30. Kwa aliyefuta kwa bahati mbaya ni neema: arudi akazichukue. Kwa anayetafuta nafasi, maana yake ni kwamba ghala bado limejaa mpaka Tupio nalo limwagwe.

Sasa tuombe utulivu kidogo, kwa maana hapa ndipo watu wengi hupata hasara. Ukibonyeza jina la programu katika Mipangilio, utakuta njia mbili za kupunguza uzito wake. Moja hufuta akiba, yaani mabaki ambayo programu hujiwekea ili ifunguke upesi. Hiyo ni salama na haina cha kujutia. Nyingine hufuta data yote ya programu, na hiyo huirudisha programu ilivyokuwa siku ya kwanza. Ukiifanya hivyo WhatsApp bila kuwa na nakala, mazungumzo yako yamekwenda. Vitufe hivyo viwili hukaa jirani. Soma kabla ya kubonyeza, na kama herufi ni ndogo, mwite mjukuu akusomee.

Kuhusu nakala: anayetumia Picha za Google anaweza kuhifadhi picha zake katika akaunti yake ya Google, ambako hupewa GB 15 bila malipo. Nafasi hiyo hutumiwa pamoja na barua pepe, na tangu mwaka 2024 nakala za WhatsApp nazo zimeanza kuhesabiwa humo. Jambo la kuangalia ni hili: picha iliyokwisha kuhifadhiwa, ukiifuta kwa njia ya kawaida ndani ya programu hiyo, hufutika simuni na kwenye akaunti pia. Kama nia yako ni kupata nafasi tu, tumia ile njia ya programu hiyo inayoondoa nakala za simuni na kuacha zile za kwenye akaunti. Asiye na bando la kutosha anaweza kuhamishia picha kwenye kompyuta kwa waya, au kwenye memori kadi. Ila picha za familia na za vyeti zisiachwe kwenye kompyuta ya stesheni. Zihamishie kwenye flashi yako na uhakikishe zimefutwa pale.

Memori kadi zenyewe zinahitaji neno. Zipo kadi bandia sokoni, zilizoandikwa GB 64 juu huku ndani zikiwa na nafasi ndogo mno. Simu huamini maandishi hayo na huendelea kuandika, na picha zilizotangulia huharibika bila taarifa. Utaijua siku unayotaka kufungua picha ya harusi ukakuta kivuli cha kijivu. Njia ya kujihami ni kuijaribu kadi siku unayoinunua: ijaze video hadi karibu na mwisho, kisha zifungue chache za mwanzo na za mwisho. Zikigoma, irudishe dukani ukiwa na risiti. Na hata kadi halisi hufa siku moja, basi picha usiyotaka kuipoteza iwe mahali pawili.

Zipo pia programu zinazojitangaza kuwa husafisha simu, huongeza kasi na kupoza betri. Maoni yetu ni kwamba nyingi huongeza matangazo kuliko nafasi, na baadhi hudai ruhusa za kusoma majina na meseji ambazo msafishaji hana haja nazo. Simu nyingi tayari zina msafishaji wake. Files ya Google hufanya kazi hiyo bila malipo. Tukiwa kwenye ruhusa, tukumbushane habari za programu za mikopo, ambazo zikipewa orodha ya majina huitumia kumwaibisha mkopaji kwa jamaa zake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila idhini. Ukiwa katika kusafisha ghala, ziondoe kwanza hizo.

Ikiwa simu ilianza kusumbua baada ya kuweka programu fulani, iondoe hiyo. Kama huijui ni ipi, simu nyingi za Android zina hali salama: shikilia kitufe cha kuwashia mpaka neno la kuzima litokee, kisha kandamiza neno hilo kwa muda, nayo simu itauliza kama iwake bila programu ulizoongeza. Ikitulia katika hali hiyo, mkosaji ni mojawapo ya programu zako. Kuwasha upya huirudisha kama kawaida.

Tuseme sasa juu ya fundi. Mafundi wengi wa Tukuyu ni watu waaminifu na wenye ujuzi, wala hatukuja kuwaharibia riziki. Lakini lipo tendo moja linalofanywa kwa wepesi mno: kuirudisha simu katika hali ya kiwandani. Kwa fundi ni dakika chache. Kwa mwenye simu ni kufutiwa kila kitu kisicho na nakala. Picha za mzazi aliyefariki hazinunuliwi tena. Tendo hilo liwe la mwisho, baada ya kuwasha upya, kusafisha na kujaribu hali salama, na fundi akuulize kwanza.

Lina na mtego mwingine. Tangu mwaka 2015 Android imekuwa na kinga dhidi ya wezi: simu ikifutwa kwa vitufe bila kufunguliwa na mwenyewe, ikiwaka hudai akaunti ya Google iliyokuwamo. Ni kinga nzuri. Shida ni kwamba wengi wenu akaunti zenu zilifunguliwa na kijana wa dukani siku ya kununua, kwa jina na nenosiri alilojitungia yeye. Siku simu inapofutwa, mwenye simu halali anakuwa kama mwizi mbele ya simu yake. Tunaomba kila mmoja afungue Mipangilio, sehemu ya akaunti, aangalie ni akaunti gani imo. Kama huijui nenosiri lake, libadilishe leo, simu ingali inafunguka, uliandike kwenye daftari linalokaa nyumbani.

Kabla ya kumkabidhi fundi simu, toa laini na memori kadi. Namba ya siri ya fedha haimhusu kwa matengenezo yoyote yale. Akihitaji kufungua skrini, keti naye.

Kwa anayetaka kununua simu nyingine, bonyeza *#06# uone namba ya utambulisho, uilinganishe na ile ya kwenye boksi, kisha itume kwa meseji kwenda 15090 ujue kama ni halisi. Mnakumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu bandia zilipofungiwa nchini. Angalia pia toleo la Android: tangu Januari 2025 WhatsApp haifanyi kazi katika simu zilizo chini ya Android 5.0, na simu za namna hiyo bado huuzwa mitumba kwa bei ya kuvutia. Dai risiti na garantii ya maandishi. Tunashauri isipungue miezi 12.

Kuhusu chaji na unyevu tutasema machache. Kwa mvua za Rungwe, simu iliyolowa isichajiwe mpaka ikauke kabisa. Izime, ifute, iweke penye hewa. Kuizika kwenye mchele huingiza vumbi tu. Usilaze simu inayochaji chini ya mto.

Ikiwa tatizo ni la mtandao au makato, piga 100 kwa mtoa huduma wako, uandike tarehe na namba ya lalamiko. Usiporidhika ndipo ulete kwetu. Ofisi yetu ya kanda ipo Mbeya, na lalamiko lenye namba hushughulikiwa upesi kuliko lisilo nayo.

Wenzetu wawili wapo mezani pale nyuma kwa wanaotaka kusaidiwa kutazama akaunti zao na kusafisha ghala. Hawatauliza nenosiri la mtu, utaandika mwenyewe. Mwenye simu ambayo betri imevimba, mgongo umeinuka, aizime sasa hivi na aje wa kwanza.