Nozeli za Lori Kuukuu na Mshahara wa Dereva

Ndugu madereva, mafundi na matanboi wa Eldas,

Tumeombwa tuseme habari ya malori yetu makuukuu. Wenye magari wengine wataka kung'oa pampu ya zamani na kutia mtambo wa dizeli unaoongozwa na kompyuta, ati mafuta yatapungua. Hatuupingi. Ni kweli mtambo huo waigeuza dizeli kuwa ukungu mwembamba sana, nao ukungu huungua vizuri. Lakini tutazame barabara yetu ya kwenda Wajir.

Tairi la lori hujazwa baa 8 hivi. Nozeli za zamani hufunguka kwa baa 100 na kitu, au 200 na kitu. Mtambo mpya hufika 1,600 na kupita. Vyuma vyake vimebanana mno, na dizeli yenyewe ndiyo mafuta ya kuvilainisha. Vumbi, maji ya pipa, au mafuta ya taa yaliyochanganywa huua pampu hiyo upesi. (Uchanganyaji si hadithi ya madereva: mwaka 2018 Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha.) Pampu ya zamani twaihangaikia kwa spana chini ya mgunga. Ya kompyuta ikifa njiani, twalala na mzigo.

Basi kwanza nozeli zipelekwe kwenye mashine ya kupimia. Nzima hutoa ukungu ulio sawa, haidondoki. Iliyochakaa hutiririka, lori likatoa moshi mweusi, likabisha, likala dizeli. Msiijaribu kwa kiganja! Dizeli hiyo hupenya ngozi, na jeraha lake ni la kukimbiziwa hospitali. Pili, tangi lioshwe, na chujio la kutenga maji limwagwe kila asubuhi.

Sasa mishahara. Wengine wetu tumekatwa pesa tukiitwa wezi wa dizeli, kumbe mwizi ni nozeli. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara ya mali aliyoileta mfanyakazi kwa kusudi. Nozeli kuchakaa si kusudi la dereva. Andikeni daftarini tarehe, lita, kilomita, rangi ya moshi, na siku mliyomwarifu mwenye gari. Atakayekatwa alete daftari hilo kwa katibu wa chama kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote.