AMANA BAADA YA TETEMEKO



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Tarehe 10 Septemba 2016, katika siku kumi za mwanzo za Dhul-Hijja, ardhi ilitetemeka mkoani Kagera. Watu 17 walifariki, maelfu wakakosa makazi, na shule za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya. Michango ikamiminika. Lakini kabla mwezi haujaisha, watumishi wawili wa serikali walivuliwa uteuzi kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine ya benki yenye jina lile lile la akaunti ya maafa.

Hukumu si yetu. Letu ni funzo: mchango wa maafa ni amana, na Qurani, katika Suratun-Nisaa, yatuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe. Na mwenyewe hapa ni yule alalaye nje.

Nasi wa Nduruma, tuishio chini ya Mlima Meru, karibu na Bonde la Ufa, tusingoje msiba. Liwepo daftari moja la kaya zote, za Waislamu na wasio Waislamu. Mjane na mgonjwa watangulie. Ghala liwe moja, na hesabu isomwe hadharani. Fundi naye asirudie kuta zisizofungwa kwa linta imara. Kwani kumrejesha mtu katika nyumba itakayomwangukia si msaada.

Ewe Mola, tuhifadhi, na utujaalie uaminifu. Amin.

Wassalaamu alaykum.