Nimonia kwa Wazee: Damu Inasema Nini?

Msikilizaji, mzee mwenye nimonia huenda asipate homa wala kikohozi kikali; pengine ataanza kuchanganyikiwa tu na kukataa chakula. Ndiyo maana kipimo cha damu kina thamani. Yurea, taka inayochujwa na figo, ikizidi milimoli 7 kwa lita ya damu, hiyo ni alama moja ya hatari katika CURB-65, mfumo wa alama wa kupima ukali wa nimonia, pamoja na kuchanganyikiwa, kupumua mara 30 au zaidi kwa dakika, presha kushuka na umri wa miaka 65 kuendelea. Wapo watakaosema yurea hupanda hata kwa upungufu wa maji au figo mbovu. Ni kweli, kwa hiyo haisomwi peke yake. Na pasipo maabara, alama nne zilizobaki bado zinatumika: hesabu pumzi zake dakika nzima, zikifika 30, muwahishe hospitali.