Dawa za Ukurutu na Muda Wake



Nimeombwa niseme nanyi juu ya maradhi ya ukurutu, nami nimechagua swali moja tu, kwa kuwa ndilo linalowashinda wengi: mtu akisha kupewa dawa, angoje siku ngapi ndipo aone nafuu? Swali hili si dogo. Asiyejua muda wa dawa huiacha kabla haijatimiza kazi yake, akahamia ya pili, na ya tatu, hata mshahara ukaishia dukani na mtoto wake angali akijikuna usiku kucha.

Ngozi ni kama ukuta wa nyumba. Kwa mwenye ukurutu ukuta huo una nyufa: maji ya mwilini hutoka, na vumbi, sabuni na vijidudu huingia. Ngozi huwasha, mtu hujikuna, na kujikuna huzidisha nyufa. Mwaka 2006 wataalamu walitambua kwamba watu wengine huzaliwa na upungufu katika ujenzi wa ngozi yao. Kwa hiyo ukurutu si alama ya uchafu, wala hauambukizi. Wala hakuna dawa ya kuuondoa milele. Tunachotafuta ni kuutuliza na kuuzuia usirudi upesi.

Sasa juu ya muda. Mafuta ya kulainisha ngozi, yasiyo na manukato, hupunguza ukavu siku ile ile, lakini nguvu yake ni ya saa chache tu. Yapasa yapakwe mara mbili kwa siku au zaidi, hata siku ambazo ngozi ni njema. Mtoto mwenye ukurutu mwingi aweza kumaliza gramu 250 kwa juma moja. Basi anayenunua kikopo kidogo na kukitumia miezi mitatu asiseme kwamba mafuta hayafai, hajayatumia.

Dawa ya pili ni marhamu ya steroidi. Mwaka 1952 Marion Sulzberger na Victor Witten, madaktari wa Marekani, walitangaza kwamba dawa ya namna hii hutuliza ukurutu, na hata leo ni nguzo ya matibabu. Ikiwa nguvu yake yalingana na ugonjwa, mwasho huanza kupungua kwa siku chache, na ngozi hutulia kwa juma moja au mawili. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Siku ya tatu mwasho umepungua, mtu huiweka dawa kabatini. Juma lijalo ugonjwa umerudi. Moto uliofunikwa na majivu haujazimika. Sharti kuendelea kama daktari alivyoagiza, mpaka mahali palipokuwa pagumu pawe laini. Na kipimo chake ni hiki: dawa iliyokamuliwa juu ya kidole cha shahada cha mtu mzima, toka ncha hata kiungo cha kwanza, yatosha mahali penye ukubwa wa viganja viwili.

Majuma mawili yakipita pasipo nafuu yo yote, rudi kwa daktari, maana huenda si ukurutu. Nyumba nzima ikijikuna usiku, yaelekea ni upele; na choa kikipakwa steroidi hujificha kikazidi kuenea. Ukiona usaha au homa, usingoje hata siku moja.

Kwa ukurutu mkali zipo dawa za kumeza na za sindano, nazo zataka subira zaidi. Methotreksati huchukua majuma 8 hata 12. Na sindano ya dupilumabu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2017, kwa desturi huamuliwa kufaa kwake baada ya majuma 16.

Liko neno lituhusulo khasa sisi wenye ngozi nyeusi. Ukurutu ukisha kutulia, hubaki madoa meusi au meupe. Madoa hayo si ugonjwa. Hufifia yenyewe, ila kwa miezi mingi. Jiulize: je, pangali pawasha? Pangali pagumu? Kama sivyo, dawa imekwisha kazi yake. Asiyejua jambo hili huendelea kupaka dawa kali, au hukimbilia mkorogo, ambao mara nyingi una steroidi kali au zebaki ndani yake, hata ngozi ikawa nyembamba na kuchanika.

Mabibi na mabwana, tangu mwaka 1992 kiko Moshi chuo cha maradhi ya ngozi, ambacho kimefundisha matabibu wa nchi nyingi za Afrika. Ulizeni katika hospitali zenu kama yuko mmoja wao. Na sisi tuliozoea kuandika tarehe juu ya kila barua, tushindweje kuandika tarehe ya kuanza dawa? Andika siku ya kwanza, andika siku ya kurudi kwa daktari, na katikati ya siku hizo mbili usibadili kitu bila shauri lake. Bandu bandu huisha gogo.