Kompyuta Haifundishi Bila Mwalimu



Ndugu zangu vijana, wahyi wa kwanza ulikuja na amri ya kusoma, na kalamu ikatajwa papo hapo. Kwa hivyo chombo cha elimu si kitu kigeni kwetu. Swali ni: nani amekishika?

Mwaka 2013 serikali yetu iliwaahidi watoto wa darasa la kwanza vipakatalishi. Kesi za zabuni zikauchelewesha mradi, mpaka 2016 ndipo tabuleti zikaanza kufika shuleni. Halafu Machi 2020 korona ikafunga shule, masomo yakahamia redioni, kwenye televisheni na intaneti. Hapo ikaonekana wazi: mashine bila mwalimu aliyeandaliwa ni pambo la kabati.

Mwalimu hufundisha vile alivyofundishwa. Ukimkaririsha sehemu za kompyuta ili apite mtihani, naye atawakaririsha wanafunzi. Lakini chuoni na aandae somo zima kwa kompyuta, alifundishe, akosolewe, arudie. Huyo atajua lini aiwashe na lini aizime.

Tuchukue mfano wa madrasa. Mtoto amsikilize qari akitamka dhwad, ajirekodi, kisha ajilinganishe. Kosa atalisikia mwenyewe. Hata hivyo, ni ustadhi atakayemwonyesha ulimi uwekwe wapi.

Basi wewe unayeijua kompyuta, Ramadhani hii mtafute mwalimu wako mmoja. Baada ya Alasiri, nusu saa tu, kaa naye. Yeye ndiye abonyeze, wewe uelekeze kwa adabu. Hiyo nayo ni sadaka yenye kuendelea, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.