Waya Uliokutwa Shambani

Juma lililopita niliwaahidi habari za viwavijeshi. Leo naomba tuviweke kando, maana wakulima wa vijiji vinavyopakana na Serengeti wameniuliza: ukikuta swala amenaswa na waya katika mtama wako, ufanye nini? Hiyo ni kazi ya Bwana Nyama, nami ni Bwana Shamba tu. Lakini mwenye shamba ndiye huulizwa wa kwanza.

Akiwa hai, usimsogelee; pembe zake zitakutoboa. Akiwa amekufa, usimchune, wala usimgawie jirani hata paja. Ijapokuwa kafia kwenye mtama wako, nyama yake kwa sheria ni nyara ya Serikali. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya 2009, haimtafuti mtegaji peke yake: kukutwa na nyara bila kibali ni kosa, na kuinunua pia ni kosa. Wala thamani yake haipimwi kwa bei ya buchani. Nyumbu mmoja, kwa mfano, katika mashauri mengi amethaminiwa dola 650 za Marekani, na wapo watu waliohukumiwa miaka 20 kwa sababu ya kitoweo.

Tena waya wenyewe usiuguse. Hapa najisema mwenyewe. Miaka ya nyuma niliukuta mmoja kwenye pengo la ua wa shamba, nikaufungua, nikaukunja vizuri na kuupeleka ofisini, nikidhani nimefanya kazi ya maana. Bwana Nyama alinitazama tu. Kumbe yeye huusoma waya ukiwa pale pale ulipotegwa: fundo lake ni la namna gani, nyayo zimetokea wapi, ni waya wa uzio au umetolewa kwenye tairi lililochomwa. Ukiwa na masizi ya tairi, mpelelezi ataanza kutafuta mahali palipochomwa tairi. Mimi nilimletea waya safi, umefutwa kwa shati langu!

Basi simama mbali, zuia mbwa na watoto, mtume mtu kwa mtendaji wa kijiji, nawe ungoje. Kila kinachochukuliwa kiandikwe, na kila anayekipokea aandikwe, toka shambani hadi mahakamani. Nyama huoza, kwa hiyo hakimu aweza kuamuru iteketezwe kabla ya kesi kusikilizwa. Lakini mshtakiwa sharti afikishwe mbele yake na aulizwe. Mwaka 2017 rufaa ya namna hiyo ilifunguliwa Mahakama ya Rufani, na ile hati ya kuteketeza nyama ikakataliwa, kwa kuwa mshtakiwa hakusikilizwa. Hili mlijue, kwani pengine anayeshikwa ni yule aliyeuziwa paja gizani akaambiwa ni la mbuzi. Nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi msinunue, hata ikiwa rahisi namna gani.

Viwavijeshi tutavizungumza juma lijalo. Mkiviona kabla ya hapo, msiningoje mimi. Mwiteni Bwana Shamba wa kata yenu. Kwaherini.