Hatimiliki Peke Yake Haimzuii Mvamizi



Wengi wenu mnafanya kazi Mombasa, Nairobi au hata ng'ambo, ilhali mashamba yako Ganze na Magarini. Hatimiliki iko kabatini, nanyi mnalala mkijua shamba liko salama. Kumbe miaka inahesabiwa.

Sheria ya Kenya, Sura ya 22, inampa mwenye ardhi ya kibinafsi miaka 12 ya kwenda mahakamani kuidai kutoka kwa mtu aliyeikalia bila ruhusa. Mtu huyo akikaa waziwazi na mfululizo hadi muda huo upite, anaweza kuiomba Mahakama ya Mazingira na Ardhi aandikishwe yeye kuwa mmiliki. Barua za kulalamika hazisimamishi hesabu hiyo. Kesi huisimamisha.

Basi tufanyeje?

Kwanza, tunzeni mipaka. Mawe ya mpaka yaonekane, na kando yake pandeni minyaa au mkonge. Mkizozana na jirani kuhusu mpaka, anzeni kwa msajili wa ardhi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 haiiruhusu mahakama kusikiliza mzozo huo kabla msajili hajaubainisha mpaka.

Pili, ukimwachia ndugu au rafiki alime, andikianeni mbele ya mashahidi. Anayekaa kwa ruhusa yako hawezi kudai kuwa shamba limekuwa lake kwa sababu ya miaka. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, fikeni shambani. Asiyeweza kusafiri amtume mtu wa nyumbani, na mzee wa kijiji awe na nambari yake ya simu.

Nne, ukimkuta mtu amejenga, usishike panga wala usichome nyumba. Huenda naye aliuziwa na tapeli, na ana watoto humo. Sheria inataka apewe notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu kabla ya kuondolewa, na nakala ziende kwa naibu kamishna wa kaunti na kwa mkuu wa polisi wa divisheni ya eneo hilo. Ikiwa miaka 12 inakaribia, mwone wakili mapema. Usingoje notisi iishe.

Mwisho, kama hatimiliki bado ina jina la marehemu babu, kaeni kama familia mfungue kesi ya mirathi. Kifo cha mwenye shamba hakisimamishi hesabu ya miaka.